Mtu wa Ndani: Filamu ya Wizi wa Benki Tuliyoitazama Nyegina



Likizo iliyopita tulikuwa Nyegina, nje kidogo ya mji wa Musoma, nyumbani kwa kaka yetu. Wasomaji wa mikoa mingine huenda wakakijua kijiji hiki zaidi kwa misheni ya Wakatoliki iliyofunguliwa huko mwaka 1911. Waislamu wake si wengi, lakini wamezoeana na majirani zao kwa ziwa, kwa shamba, kwa misiba na kwa harusi, na tutakayoyasimulia hapa hayatofautishi sana nyumba yenye mswala na nyumba yenye msalaba.

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, mtoto wa kaka yetu, kijana wa kidato cha pili, alitoa mfukoni flashi aliyojaziwa filamu kule Nyasho. Tuliuliza ni filamu gani. Akasema, "Ya wizi wa benki, Shangazi, lakini haina mambo mabaya." Wazazi wanaifahamu ahadi hiyo. Tuliamua kukaa na kuitazama pamoja naye mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa tumechoka kuandika katika ukurasa huu kwamba wazazi wajue watoto wao wanatazama nini, ilhali sisi wenyewe huinuka na kwenda kulala.

Filamu yenyewe ni Inside Man, yaani mtu wa ndani, iliyotoka mwaka 2006. Mwongozaji wake ni Spike Lee, na askari mpelelezi anaigizwa na Denzel Washington. Wawili hao si wageni katika nyumba za Waislamu. Mwaka 1992 walitupa filamu ya maisha ya Malcolm X, Al-Hajj Malik El-Shabazz, ambayo wapigapicha wake Waislamu walipewa ruhusa ya kupiga picha za Hija ndani ya Makka. Malcolm mwenyewe alifika Dar es Salaam Oktoba 1964 na kuonana na Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, ambayo si mbali na hapo tulipokuwa tumekaa. Tutarudi kwa Malcolm baadaye, kwani ndiye aliyetusaidia kuipima filamu hii.

Nakala tuliyoitazama ilikuwa imetafsiriwa kwa sauti na wale vijana wanaoitwa madijei. Kazi hiyo ilishamiri kwanza kwa jirani zetu wa Uganda, na kwetu ilipata jina kubwa kwa sauti ya Lufufu wa Dar es Salaam. Dijei hatafsiri tu bali anasimulia, anaongeza utani, na anawapa wahusika tabia ambazo hata mwandishi wa filamu hakuzikusudia. Katika nakala yetu yule jambazi mkuu aliongea kama dalali wa mnada. Tunakiri kwamba tulicheka. Tena kuna faida moja isiyosemwa: filamu hii kwa Kiingereza imejaa matusi, na dijei wetu, sijui kwa haya au kwa kuona hayatafsiriki, aliyapita mengi. Mzazi atakayeipata ya Kiingereza ajue hivyo. Ajue pia kwamba mpelelezi huyo anaishi na mwanamke asiye mke wake, na kwamba sehemu zao, ingawa ni fupi, ni za kurukwa mbele ya watoto.

Kisa chake ni hiki. Watu wachache wanaingia katika benki moja kubwa ya New York wakiwa wamevaa kama mafundi rangi. Wanafunga milango, wanapofusha kamera za ulinzi, na kuwashika mateka wafanyakazi na wateja wote. Kisha wanafanya jambo ambalo hatujaliona katika filamu nyingine za namna hii: wanawaamuru mateka wote wavue nguo zao na kuvaa ovaroli na barakoa zinazofanana na za majambazi wenyewe. Wanawahamisha chumba hadi chumba, wanajichanganya nao, hata mateka hajui aliyeketi kando yake ni mwenzake au ni jambazi. Nje, polisi wanazingira jengo. Ndani, jambazi mkuu, anayeigizwa na Mwingereza Clive Owen, hana haraka. Mwishowe milango inafunguliwa, wote wanatoka mbio kwa pamoja wakiwa na mavazi yaleyale, na polisi hawana njia ya kumtambua nani ni nani. Bunduki zilizobaki ndani zinakutwa ni za bandia. Fedha za benki zinahesabiwa na kukutwa zote zipo.

Sasa wizi uko wapi? Uko katika kisanduku kimoja cha amana, namba 392, ambacho hakimo katika kumbukumbu zozote za benki tangu ilipoanzishwa mwaka 1948. Mwenye benki, mzee anayeheshimiwa kwa sadaka zake, alitajirika wakati wa vita vya pili vya dunia kwa kuwasaliti marafiki zake Wayahudi mbele ya Manazi na kuchuma mali zao. Ushahidi wa dhambi hiyo, pamoja na almasi na pete ya mmoja wa waliosalitiwa, umefungiwa humo. Hicho ndicho majambazi walichokifuata. Na jambazi mkuu hakutoka na wenzake. Walimjengea ukuta wa uongo katika stoo ya benki, akakaa nyuma yake wiki nzima, kisha akatoka mchana kweupe kwa mlango wa mbele.

Tuanze na uzuri wake, kwa kuwa upo, na ukurasa huu hautaki kuwa wa kulaani tu.

Kwanza, ni filamu inayomheshimu mtazamaji. Haimwagi damu ili kumshikilia. Kuna mateka mmoja anayepigwa, na kuna mauaji ya kuigiza yanayotutisha mpaka tujue yalikuwa hila, lakini kwa filamu ya majambazi hiyo ni pungufu ya damu tunayoiona katika taarifa ya habari. Mvuto wake ni wa fumbo. Kijana wetu, ambaye shuleni wanasema hatulii, alitulia saa mbili na zaidi akihesabu nani ameingia chumba gani.

Pili, kuna mtoto mdogo miongoni mwa mateka. Amekaa katika chumba cha hazina akicheza mchezo wa video wa kuua watu na kupora. Jambazi anaketi karibu naye, anautazama mchezo huo, uso unambadilika, na anamwambia kwamba itabidi azungumze na baba yake juu ya mchezo ule. Mwizi wa benki ndiye anayeshtuka, na baba wa mtoto hana habari! Tulimgeukia kaka yetu. Naye alikuwa ameitazama simu ya mwanawe iliyokuwa juu ya stuli, wala hakusema neno.

Tatu, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, kuna mfanyakazi wa benki ambaye ni Kalasinga. Majambazi wanamwachia atoke nje akiwa amebeba ujumbe wao. Polisi wanamwona ana kilemba na ndevu, mmoja anapaza sauti kwamba ni Mwarabu, wanamlaza chini na kumvua kilemba. Baadaye anapohojiwa anakataa kusema lolote mpaka arudishiwe kilemba chake, na analalamika kwamba kila aendapo uwanja wa ndege yeye ndiye anayechaguliwa kupekuliwa. Filamu ilitengenezwa chini ya miaka mitano baada ya Septemba 2001. Haikuwa rahisi wakati ule kuweka jambo hilo katika filamu ya kuuza tiketi, na Spike Lee aliliweka bila hotuba. Kinachotuuma ni kwamba hata Kalasinga huyo, katika kujitetea, anachokimbilia ni kueleza kwamba yeye si Mwarabu. Kana kwamba angekuwa Mwarabu ingekuwa halali kumvua.

Nyimbo nazo. Filamu inafunguka kwa Chaiyya Chaiyya, ule wimbo wa A. R. Rahman kutoka filamu ya Kihindi Dil Se ya mwaka 1998, ambamo Shah Rukh Khan anacheza juu ya treni. Kaka yetu, aliyekuwa amekaa kimya kama imamu wa Ijumaa, alianza kugonga vidole kwenye kiti. Kizazi chake kililelewa na sinema za Kihindi. Hukumu ya muziki tunawaachia wanazuoni wetu. Tumetaja tu tulichokiona.

Kuna sehemu nyingine iliyotuchekesha kwa sababu ambayo huenda mwongozaji mwenyewe hakuikusudia. Polisi wanasikiliza sauti kutoka ndani ya benki kwa lugha wasiyoijua. Baada ya hangaiko wanagundua ni Kialbania, na kwamba ni kanda ya hotuba za Enver Hoxha, mtawala wa zamani wa Albania, iliyowekwa kuwapotosha. Filamu inalichukulia kuwa mzaha. Lakini Waalbania, ambao wengi wao ni Waislamu, ndio waliowaficha Wayahudi majumbani mwao katika vita vilevile ambavyo mzee wa benki aliwauza rafiki zake. Na Hoxha huyo ndiye aliyepiga marufuku dini zote nchini mwake mwaka 1967 na kufunga misikiti. Yote hayo yamo ndani ya sauti ile, na filamu inapita juu yake kama boda boda juu ya tuta.

Tuje kwenye udhaifu.

Udhaifu mdogo mdogo hata watoto waliuona. Jambazi alijuaje kilichomo katika kisanduku ambacho hakiko katika kumbukumbu yoyote? Filamu haisemi. Mzee mwenye akili za kujenga benki, kwa nini atunze kwa miaka karibu 60 karatasi zinazoweza kumtia kitanzini, badala ya kuzichoma? Tunajibiwa nusunusu. Na huo ukuta! Binti mdogo wa kaka yetu, mwenye miaka 10, ambaye hutumwa stoo ya dagaa kila siku, aliuliza, "Mwenye stoo hakuona kwamba stoo imekuwa ndogo?" Tuliichezesha nyuma ile sehemu mara mbili kutafuta jibu. Halipo. Ni kweli katika maisha watu wamefanya maajabu zaidi. Novemba 2017, jirani zetu wa Thika, Kenya, waliamka Jumatatu wakakuta tawi la benki limechimbiwa handaki kutoka jengo la jirani na zaidi ya shilingi milioni 50 za Kenya zimeondoka. London mwaka 1971 wezi walikodi duka la mikoba na kuchimba hadi chini ya hazina ya benki iliyo milango miwili mbali, na filamu ikatengenezwa juu yao. Lakini aliyechimba handaki alikuwa na udongo wa kuuficha na majirani wa kuwadanganya. Huyu wa filamu yetu kila kitu kinamnyookea.

Udhaifu mkubwa ulianza kujitokeza kwa neno moja: steringi.

Mtoto wa Kitanzania akitazama filamu, swali lake la kwanza ni steringi ni nani, kwa sababu steringi hafi na steringi anashinda. Katika filamu hii kijana wetu alianza kwa kumtaja Denzel. Katikati akanyamaza. Mwishoni akasema bila kusita kwamba steringi ni jambazi. Hakukosea. Yeye ndiye anayefungua filamu kwa kuzungumza nasi uso kwa uso, ndiye mwenye akili kuliko wote, na ndiye anayeondoka na almasi. Hata mpelelezi anakuta almasi moja imetiwa mfukoni mwake, na uso wake unaingia tabasamu badala ya hasira.

Hapo ndipo swali lilipokuja. "Shangazi," kijana alisema, "benki si inakula riba? Na yule mzee mwenyewe aliiba. Sasa aliyemwibia mwizi mla riba, kaiba nini?"

Tunajua wapo vijana wengine wengi wa Kiislamu wanaolibeba swali hili bila mtu wa kuliuliza. Jibu tulilompa ni la usiku wa Hijra. Makureshi walikuwa wamekula njama ya kumuua Mtume (s.a.w.), wakati huohuo mali zao za amana zikiwa nyumbani kwake, kwa kuwa hawakumpata mwaminifu zaidi yake. Alikuwa anaikimbia roho yake na mali ya maadui iko mkononi. Alimwacha Ali (r.a.) nyuma, kitandani pake, na moja ya kazi alizomwachia ni kumrudishia kila mtu amana yake. Waliokuwa wakila riba miongoni mwa watu wale walikuwepo, na waliokuwa wakidhulumu walikuwepo. Hakuna aliyeambiwa kwamba mali yake imehalalika.

Kijana alifikiri. Kisha akatushika pabaya, alhamdulillah, maana tunapenda mtoto anayeshika pabaya. Akasema Makureshi walikuwa na mali yao, lakini almasi zile hazikuwa za mzee. Basi tukamuuliza: zilikuwa za nani? Na filamu ilipokwisha zikawa kwa nani? Tuliona akiirudia filamu kichwani. Almasi zilichumwa kutoka kwa watu waliosalitiwa wakafa. Mzee alizishika. Jambazi akazichukua. Ni pete peke yake aliyomwachia mpelelezi kisandukuni kama alama ya kufuatia kesi. Katika saa mbili zote hakuna mtu hata mmoja anayeuliza kama wenye almasi waliacha mtoto, mjukuu, au hata jirani. Filamu inajigamba kwamba imemfichua dhalimu, nayo imempa mirathi ya waliodhulumiwa mtu mwenye mipango mizuri. Huo ndio ufa mkubwa wa kisa hiki, wala si ukuta wa stoo.

Ulinganishe na Malcolm X, ya mwongozaji yuleyule na mwigizaji yuleyule. Malcolm wa ujanani naye ni mwizi wa majumbani, kijana mwerevu, mcheshi, anayependeza kumtazama. Lakini mwaka 1946 anahukumiwa, anaingia gerezani, na anatoka 1952 akiwa mtu mwingine. Wizi wake una bei, na Denzel anatuonyesha akiilipa bei hiyo siku baada ya siku. Katika Inside Man bei hakuna. Jambazi anakaa wiki moja katika chumba chembamba, basi.

Kuna jambo jingine ambalo tusingeliona bila wifi yetu, mke wa kaka, aliyekuwa amekaa nyuma yetu muda wote akichambua mchele wa kesho. Hakusema lolote filamu nzima. Ilipokwisha, kijana akisifia ule ujanja wa ovaroli, alisema taratibu, "Na wale wengine?"

Tukauliza wepi.

"Wale waliovalishwa. Polisi wamewahoji wote, wote wamepigwa picha, hakuna aliyeambiwa kwamba si yeye. Wamerudi mitaani kwao wakiwa wezi wote."

Kisha alisimulia jambo ambalo mwanawe alikuwa akilisikia kwa mara ya kwanza, nasi pia. Ametupa ruhusa ya kuliandika kwa sharti tusitaje kikundi wala mtu.

Yeye ni mwanachama wa kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa. Msomaji anavijua: kila wiki wanakutana, kila mmoja ananunua hisa, fedha zinahesabiwa mbele ya wote na kufungiwa katika sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Wanawake watatu tofauti wanashika funguo, na wa nne anakaa na sanduku. Ni ulinzi mzuri kuliko hazina nyingi za filamu, kwani hakuna kamera ya kupofusha. Wifi yetu alikuwa mmoja wa washika funguo. Mwaka juzi, wiki chache kabla ya siku ya kugawana, sanduku lilifunguliwa mbele ya kikundi. Makufuli yote matatu yalikuwa mazima. Ndani palipungua zaidi ya shilingi milioni moja na nusu.

Hakuna aliyetekwa na hakuna risasi iliyolia. Walioshika Msahafu wakaapa, walioshika Biblia wakaapa. Ikaamuliwa kwamba, kwa kuwa mwizi hakujulikana na makufuli hayakuvunjwa, washika funguo watatu na mwenye kukaa na sanduku walipe kwa mafungu sawa. Wifi yetu aliuza cherehani. Tulikuwa tumewahi kumuuliza cherehani kiko wapi, akatuambia kimeharibika. Wale watatu walikuwa marafiki tangu wasichana, wameteka maji pamoja ziwani na kuzaliana watoto wa rika moja. Leo wanasalimiana, na salamu inaishia hapo. Kila mmoja anajua kwamba yeye hakuiba, au wawili wanajua hivyo, na hakuna anayeweza kumtazama mwenzake akajua.

Baada ya hapo filamu ilibadilika machoni petu. Ule ujanja wa kuwavalisha wote vazi moja, ambao wahakiki wameusifu na sisi tumeusifu hapo juu, unafanya kazi kwa sababu unagawa tuhuma kwa wasio na hatia. Jambazi hakuiba almasi tu. Aliazima heshima za watu wengi kujifichia, na hakuzirudisha. Spike Lee ameziweka zile sehemu za mahojiano katikati ya filamu, na amezifanya za kuchekesha: bibi mkali, kijana mbishi, mwanamke aliyekasirika. Mwisho wao hatuonyeshwi.

Na hata mpelelezi mwenyewe! Kisa kinapoanza, anatuhumiwa kwamba dola 140,000 zilipotea katika kesi yake nyingine. Ni mtu wa ndani anayeshukiwa, kama wifi yetu hasa. Filamu ilikuwa na nafasi ya kutuonyesha mtu anavyoishi na tuhuma. Lakini inaimaliza kwa mkato: mwanamke mmoja mwenye ushawishi, anayejuana na meya, anaweka neno, tuhuma zinayeyuka na cheo kinapanda. Ukweli wa zile dola hautafutwi tena. Wasomaji wanakumbuka kisa cha mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba, jamaa zake wakamtafutia mtu wa kumwombea kwa Mtume (s.a.w.), na jinsi Mtume alivyoghadhibika kwamba mwizi mwenye ukoo aombewe na mnyonge aadhibiwe. Katika New York ya filamu hii hakuna anayeghadhibika. Mzee wa benki anaombewa, mpelelezi anaombewa, na mwombaji anatoka na viatu vyake vizuri. Tuseme kwa haki kwamba mpelelezi hakunyamaza kabisa. Mwishoni anataka habari ya pete ifike kwa wanaofuatilia makosa ya vita.

Nchi yetu ina visa vyake. Moshi, mwaka 2004, zaidi ya shilingi bilioni 5 zilichukuliwa katika tawi la benki kwa bunduki, na taifa zima lilizungumza. Lakini mwaka wa fedha 2005/06, zaidi ya shilingi bilioni 133 zilitoka Benki Kuu, katika akaunti ya madeni ya nje iliyojulikana kwa jina la EPA, kwenda kwa kampuni 22, kwa karatasi na mihuri. Gavana aliondolewa Januari 2008. Hakuna aliyevaa barakoa. Kama kuna kijana wa Kitanzania anayesoma ukurasa huu na anatamani kuandika filamu ya wizi wa benki, asiangalie handaki.

Na akiandika, amkumbuke mlinzi. Katika Inside Man mlinzi wa mlangoni analazwa chini dakika za mwanzo na hatuna habari naye tena. Agosti 2016, askari polisi wanne waliuawa kwa risasi Mbande, Mbagala, walipofika kubadilishana lindo katika tawi la benki. Walikuwa na wake na watoto. Bunduki za bandia ni rehema ya mwandishi wa filamu, si ya majambazi tunaowajua sisi.

Je, tunaishauri familia iitazame? Wenye watoto waliobaleghe, ndiyo, kwa masharti: nakala isiyo na matusi, mzazi awepo mpaka mwisho, na sehemu tulizozitaja zirukwe. Walio chini ya hapo wabaki na mambo yao. Binti wa miaka 10 tulimruhusu kwa uzembe wetu, tukaponea kwa kuwa alijishughulisha zaidi na stoo kuliko na mateka.

Asubuhi yake, baada ya uji, tulimsikia kijana akimuuliza mama yake jikoni ufunguo wa tatu ulikuwa kwa nani. Hakumjibu. Alimpa shilingi elfu mbili aende dukani kununua sukari, na alipokuwa mlangoni akamwita akamwambia alete chenji yote.